Wiki moja ya Kiingereza kidato cha pili: kisa kimoja, vipindi sita

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka saba. Anaingia kidato cha kwanza Januari, na karibu kila somo linamgeukia Kiingereza. Asipokishika, biolojia nayo inamponyoka, na historia, na kemia. Akifika kidato cha pili anasubiriwa na upimaji wa kitaifa wa mwisho wa mwaka, na wengi wanaufikia wakiwa wamenakili Kiingereza kingi ubaoni bila kuwahi kukisema.

Nimeandika mwongozo huu kwa mwalimu mwenye darasa kama langu: watoto 64, vitabu haba, ubao, chaki, na vipindi sita vya dakika 40 kwa wiki. Kimoja ni Jumatatu, kimoja Jumanne, viwili vilivyoungana Jumatano, kimoja Alhamisi na kimoja Ijumaa. Ratiba yako ikiwa tofauti, hamisha siku, ila usivunje mfuatano.

Mfuatano wenyewe umesimama juu ya jambo moja: wiki nzima tunafundisha kwa kisa kimoja kifupi. Mazoea yetu wengi ni kufundisha nyakati za vitenzi Jumatatu, ufahamu kuhusu utalii Jumanne, barua rasmi Jumatano, na kila siku msamiati wake. Ijumaa ikifika mtoto amekutana na maneno mapya hamsini na hajatumia hata matano. Mimi nilifundisha hivyo miaka minne, nikiamini kwamba kumaliza mada ndiko kufundisha. Kisa kimoja kikirudiwa kwa kusikilizwa, kusomwa, kuchambuliwa, kuigizwa na kuandikwa, maneno yake yanaingia mdomoni.

Kabla ya Jumatatu

Tenga saa moja Jumamosi au Jumapili. Fungua azimio la kazi, yaani mpango wako wa mada, uone mada ya wiki. Tuseme ni kueleza matukio yaliyopita. Sasa andika kisa chako mwenyewe chenye maneno kati ya 60 na 90. Kiandike wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua watoto wako wanaishi wapi na wanacheka nini. Hiki hapa ndicho ninachokitumia:

*Last Saturday my grandmother sent me to the market. She gave me five thousand shillings and her old basket. I bought tomatoes, onions and a small fish. On the way home it rained, so I waited under a mango tree. A dog came. It did not bark. It looked at the fish and I looked at the dog. When I reached home, Grandmother opened the basket. The fish was not there. She looked at me.*

Angalia kilichomo. Kuna vitenzi vya kawaida (rained, waited, looked, reached, opened) na vile vinavyobadilika umbo (sent, gave, bought, came). Kuna ukanushi mmoja wa "did not" na mmoja wa "was not". Kuna "she" na "her", ambazo ni mtihani kwa mtoto wa Kiswahili. Na kuna pengo: hatujaambiwa samaki alikwenda wapi. Usikose kuacha pengo la namna hiyo, maana Jumatano na Alhamisi zote zinalitegemea.

Nakili kisa kwa maandishi makubwa kwenye karatasi nne. Manila ikikosekana, chana mfuko mtupu wa saruji, kung'uta vumbi nje, tumia karatasi ya ndani iliyo safi. Kalamu nene ya wino inaonekana vizuri juu yake, na karatasi ile haichaniki ovyo. Kunja, weka kando. Watoto hawatakiona kisa kwa macho mpaka mwisho wa kipindi cha kwanza.

Jumatatu: masikio kwanza

Madaftari yafungwe, kalamu chini. Chora kikapu ubaoni, chora samaki, chora mbwa. Hata ukichora vibaya, watasaidia kubahatisha, na kule kubahatisha tayari ni Kiingereza. Kisha simulia kisa mara mbili. Usikisome, kisimulie ukitazama watoto, taratibu, kwa mikono. Ukifika kwa mbwa, nyamaza kidogo.

Baada ya mara ya kwanza uliza swali moja tu: nani alimtuma mtoto sokoni? Baada ya mara ya pili uliza matatu au manne yanayojibika kwa neno moja au mawili. How much money? What did the child buy? Where did the child wait? Yeyote akijibu kwa Kiswahili, pokea jibu, lirudishe kwa Kiingereza, mwombe alirudie. Jibu la "chini ya mwembe" linathibitisha kwamba ameelewa. Kilichobaki ni kumpa maneno.

Hapa niseme jambo ninaloliamini sana. Katika shule niliyosoma, aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka ampate mwingine wa kumrithisha. Tulichojifunza ni kunyamaza. Wapo wenzangu waliopita miaka minne bila kufungua mdomo darasani, kwa sababu aliyenyamaza hakuvaa kibao. Katika darasa langu Kiswahili kina kazi mbili zinazojulikana: kuelezea kanuni ya sarufi inayokwamisha, na kuombea neno. Kwa hiyo pembeni mwa ubao, juu kushoto, kuna sentensi nne ambazo hazifutwi muhula mzima:

How do you say … in English?
What does … mean?
Please say it again.
I don't understand this part.

Mwambie monita azilinde zisifutwe na mwalimu wa kipindi kinachofuata. Mtoto mwenye sentensi hizo nne ana njia ya kutoka anapokwama.

Dakika kumi za mwisho bandika karatasi moja ubaoni. Soma sentensi, wafuate kwa pamoja, halafu kwa safu, halafu kwa wawili wawili. Kisha wanakili kisa kwenye madaftari. Kunakili huku kuna faida, kwa kuwa sasa wanaandika kitu wanachokielewa.

Jumanne: sarufi, na "did" inayoumiza vichwa

Anza kwa matamshi, dakika kumi tu. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto akiona "looked" anasema "lukedi", akiona "rained" anasema "renedi". Waandikie safu tatu ubaoni. Ya kwanza ni looked na reached, ambazo zinamalizikia kwa sauti ya t. Ya pili ni rained na opened, zinazomalizikia kwa d. Ya tatu ni waited, na hii peke yake ndiyo inayoongezewa silabi. Waulize wenyewe kwa nini. Atakayegundua kwamba kitenzi cha safu ya tatu tayari kina t mwishoni ameipata kanuni: silabi huongezeka baada ya t au d tu. Wapige makofi silabi: waited makofi mawili, looked kofi moja. Darasa litakuwa na kelele. Mwambie mwalimu wa chumba cha pili mapema.

Sasa njoo kwenye "It did not bark." Kila mwalimu wa Kiingereza nchini amesahihisha "I didn't went" mpaka wino ukaisha. Kanuni ya kitabuni inasema baada ya "did" tumia umbo la asili la kitenzi. Watoto wanaikariri, wanaijibu vizuri kwenye zoezi la kujaza nafasi, na kesho yake wanaandika "I didn't bought". Kilichonisaidia ni kurudi kwenye lugha waliyozaliwa nayo. Andika ubaoni:

nilinunua — sikununua
alibweka — hakubweka

Uliza: -li- imekwenda wapi? Watasema imetoka, imeingia -ku-. Uliza: kuna anayesema "silikununua"? Watacheka. Basi waambie Kiingereza kina adabu hiyohiyo. "Did not" ikiingia, alama ya wakati uliopita kwenye kitenzi inatoka, maana wawili hawakai kiti kimoja. "Bought" inarudi "buy". "Came" inarudi "come". Kisha wape vitenzi vya kisa wavikanushe kwa mdomo, haraka haraka, safu kwa safu: I did not buy tomatoes. It did not rain. She did not open the basket.

Mfano huu una mipaka yake, na ni vizuri uijue kabla hujaulizwa. Kwenye maswali Kiswahili kinabakiza -li- ("Ulinunua?") ilhali Kiingereza kinaleta "did" tena. Na "was" haihitaji "did" hata kidogo: tunasema "was not" na basi. Mimi hutaja la "was" siku hiyohiyo kwa kuwa limo kwenye kisa, na maswali nayaacha wiki nyingine. Ukiyaleta yote pamoja, lile lililokuwa limeanza kueleweka linavurugika.

Dakika tano za mwisho ni za "she". Kiambishi a- cha Kiswahili hakijali mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo "my grandmother, he gave me" ni kosa la mtoto anayefikiri vizuri kabisa kwa lugha yake. Kumweleza kanuni hakusaidii, anaijua. Anachohitaji ni mazoea. Futa "grandmother" kwenye kisa, weka "grandfather", wasome tena kwa sauti wakibadilisha kila kinachopaswa kubadilika: he gave me, his old basket. Kisha mama mdogo, mjomba, shangazi, dereva wa kike. Dakika tano kama hizo kila wiki zimenifaa kuliko somo zima la nomino na jinsia.

Jumatano: vipindi viwili, wao ndio waseme

Piga hesabu. Dakika 40 zina sekunde 2,400. Ukimsimamisha mtoto mmoja mmoja kati ya 64, kila mmoja anapata sekunde 37, na hapo wewe hujasema neno. Wakizungumza wawili wawili, kuna midomo 32 inayofanya kazi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kipindi kilichoungana nakitoa chote kwa mazungumzo.

Kipindi cha kwanza ni imla ya mbio. Bandika karatasi zako nne nje, ukutani, umbali wa hatua kumi au kumi na tano kutoka mlangoni, na wahamishe watoto kwenye vikundi vya wanne. Mmoja anakwenda kusoma sentensi, anairudisha kichwani, anawatamkia wenzake, na mwingine anaandika. Sentensi inayofuata anakwenda mtu mwingine. Masharti ni mawili: kuandika ni ndani tu, na anayerudi haandiki, anatamka. Utamwona mtoto amerudi, amesahau katikati, anakimbia tena kuangalia kama ni "waited" au "waiting". Hajawahi kusoma kwa makini namna hiyo akiwa amekaa kwenye dawati. Vikundi vikimaliza vinalinganisha na madaftari ya Jumatatu na kujisahihisha vyenyewe.

Mvua ikinyesha, bandika karatasi kwenye kona nne za darasa. Inabana, lakini inafanyika.

Kipindi cha pili ni baraza. Samaki amepotea, nani anajua? Wagawe wajumbe: bibi, mjukuu, jirani aliyekuwa dirishani, muuza samaki, na mwenye mbwa. Usiite watano mbele wengine wakatazame. Kila kundi la watu sita linakuwa baraza lake, na wa sita ni mwenyekiti. Wape dakika kumi za kuandaa, kila mjumbe aandike sentensi tatu tu, mbili za alichofanya na moja ya ambacho hakufanya. Ile moja ndiyo inayolazimisha "I did not eat the fish", "My dog did not go to the market". Sarufi ya jana inarudi na sasa ina kazi.

Wewe zunguka na daftari dogo. Usikatishe mtu. Andika unachokisikia: makosa matano yanayojirudia, na sentensi tatu nzuri. Kuna binti mmoja katika darasa langu ambaye tangu Januari nilikuwa sijasikia sauti yake. Siku ya baraza alipewa ubibi. Alikaa muda, akajifunga sweta kiunoni kama kitenge, akamnyooshea mjukuu kidole: "You did not wait. You ate." Sentensi mbili, maneno sita, hakuna kosa. Kundi zima likageuka kumtazama. Nilizinakili sentensi zake kwenye ubao mwisho wa kipindi bila kutaja aliyezisema, na kila mtu alijua.

Mabaraza mawili yawasilishe mbele kama muda upo. Muda usipokuwepo, hakuna kilichoharibika.

Alhamisi: kuandika

Kazi ni hii: endeleza kisa kutoka "She looked at me." Sentensi sita, zisipungue wala kuzidi. Angalau mbili ziwe za kukanusha. Darasa la watoto 64 haliwezi kuandika insha ya kurasa mbili kila wiki na zote zikasahihishwa. Sentensi sita zinawezekana, na mtoto anayeandika sentensi sita nzuri kila Alhamisi ana msingi wa insha.

Fuata hatua tatu ndani ya dakika 40. Dakika tano mwambie jirani yako kwa mdomo utakachoandika. Dakika ishirini andika, kimya, na wewe unapita ukijibu "How do you say…". Dakika kumi badilishaneni madaftari, na kila mmoja apigie mstari kila kitenzi cha mwenzake, aulize: hiki ni cha jana au cha leo? Hapo makosa mengi yanatolewa na wenyewe kabla hayajafika kwako. Dakika tano zilizobaki ni za kurekebisha na kukusanya.

Sasa kusahihisha. Mwalimu anayesahihisha kila kosa anachoka kabla ya daftari la ishirini, na mtoto anayerudishiwa ukurasa mwekundu hasomi kitu. Wiki hii tumefundisha vitenzi vya wakati uliopita na he/she. Sahihisha hivyo viwili tu. Usimwandikie jibu, weka alama pembeni ya mstari: V kwa kitenzi, S kwa he/she. Atafute mwenyewe kosa liko wapi kwenye mstari huo. Dakika moja na nusu kwa daftari ni dakika 96 kwa darasa zima, nusu Alhamisi jioni na nusu Ijumaa asubuhi. Ukiona kosa la kibainishi (a au an) kama "a onion", liandike kwenye kaunta buku lako, libaki huko.

Alama nazitoa juu ya kumi, lakini naandika pia mstari mmoja kuhusu kisa chenyewe. "So the cat did it!" Mtoto anajua basi kwamba umesoma alichosema, hukuhesabu vitenzi tu.

Ijumaa: kurudisha na kupima

Rudisha madaftari, dakika kumi na tano za kusahihisha. Aliyewekewa V mstari wa tatu aandike mstari wote upya, sahihi. Wasio na kosa wawasaidie waliokwama. Kisha andika ubaoni sentensi nane kutoka kazi zao, tano zenye makosa na tatu nzuri, bila majina. Makundi yaamue zipi ni zipi. Wanapenda sana hapa, kwa kuwa kila mtu anatafuta sentensi yake.

Dakika zilizobaki ni za jaribio dogo la maswali kumi. Matano kukanusha, matatu kugeuza kitenzi kiende wakati uliopita, mawili he/she, yote kwa maneno ya kisa. Wanasahihishiana papo hapo. Kama zaidi ya nusu ya darasa wamekosa ukanushi, usisonge mbele kwa sababu azimio la kazi linakusukuma. Mwone mwalimu wa taaluma, mweleze, na uirudie mada wiki ijayo kwa kisa kipya. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambavyo pia vinapatikana kwenye maktaba mtandao yao, vina mazoezi ya kutosha ya kuongezea. Mimi huyapanga hapa mwishoni, mtoto akiwa tayari ana kitu mdomoni, na kazi ya nyumbani ya Ijumaa inatoka humo.

Kabla sijaondoka shuleni nafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa makosa niliyoyasikia Jumatano na kuyaona Alhamisi ila sikuyagusa. Kisa cha wiki ijayo nakiandika kutokana na ukurasa huo. Safari hii "a onion" imejitokeza kwenye madaftari kumi na tisa, kwa hiyo bibi atamtuma mjukuu tena sokoni, akalete yai, chungwa na mwavuli.